Tembo wa Dodoma, Farasi wa Petersburg

Hapa chuoni Dodoma nimezungukwa na wasomaji wa fantasia. Wamemaliza juzuu zote tatu za Tolkien na nasaba za wafalme wasiokuwepo wanazo kichwani, lakini ukiwatajia Tolstoy na wahusika wake zaidi ya 500, wanakumbuka ghafla kwamba wana kazi ya kuwasilisha kesho. Kwa hiyo tatizo si urefu. Utenzi wa Rasi'lGhuli wa Mgeni bin Faqihi una beti zaidi ya 4,000, na watu waliusikiliza. Hata majina yale marefu ni mepesi ukishajua siri yake: Rodion Romanovich ni Rodion mwana wa Roman, sawa na hiyo "bin" ya Mgeni.

Nadhani tatizo ni kwamba wameingilia mlango wa nyuma. Riwaya kubwa ya Kirusi ilitanguliwa na mzimu, na mzimu huo ulizaliwa katika mji uliojengwa kwa amri.

Mwaka 1703 Peter Mkuu aliagiza mji ujengwe kwenye kinamasi kando ya mto Neva. Maelfu ya vibarua walipelekwa kwa nguvu, wengi wakafia huko, na baada ya miaka michache makao makuu yakahama kutoka Moscow. Mwaka 1824 mto ulifurika. Pushkin akatunga utenzi juu ya gharika hiyo mwaka 1833: karani maskini aliyepoteza mchumba wake anaikemea sanamu ya Peter, na farasi wa shaba anashuka jukwaani kumkimbiza usiku kucha. Mfalme Nicholas I, aliyezikagua kazi za Pushkin yeye mwenyewe, hakuupenda, na mshairi alikufa kabla haujachapishwa wote. Mwaka 1842 Gogol akaleta karani mwingine, aliyeibiwa koti lake jipya, akafa, akarudi kuwavua watu makoti.

Sisi wa Dodoma tunaijua hali hiyo. TANU iliamua mwaka 1973 makao makuu yahamie hapa. Serikali ikaanza kuhama kweli baada ya tangazo la 2016. Na jina lenyewe la mji, wazee husema, limetokana na tembo aliyedidimia kwenye matope. Petersburg ingemwelewa tembo huyo.

Mwaka 1866 jarida moja la Moscow lilikuwa likichapisha kwa mafungu Uhalifu na Adhabu ya Dostoevsky pamoja na sehemu za mwanzo za Vita na Amani. Wasomaji walisubiri toleo lijalo kama ninyi mnavyosubiri msimu mpya. Kwa Dostoevsky mzimu hauhitaji tena sanda: joto, deni na ndoto vinatosha.

Anayetaka adui mmoja mwenye ngome nyeusi amwache Tolstoy kwanza. Napoleon wake anafanana na mtoto aliyeshika kamba ndani ya gari akidhani ndiye anayeendesha, na sehemu ya mwisho ya kitabu ni hoja tupu kuhusu historia. Mimi naipenda, rafiki zangu wawili waliishia hapo.

Wao niliwapa Bulgakov, Bwana Mkubwa na Margarita, kilichoandikwa kati ya 1928 na 1940 na kuchapishwa, tena kwa kukatwakatwa, mwaka 1966 na 1967. Shetani anafika Moscow na paka anayezungumza na kupanda tramu. Mmoja alikimaliza kwa siku nne, akaniuliza Gogol anapatikana wapi.