Dalali, Leseni na Nidhamu: Historia Fupi ya Istilahi za Biashara ya Nyumba na Ardhi

Neno dalali si geni katika Kiswahili. Asili yake ni Kiarabu, na ndani yake mna maana ya kuonyesha na kuelekeza. Katika miji ya pwani dalali alikuwa mtu wa sokoni aliyetembeza mali ya mwenziwe, akainadi, na kupata ujira wake bei ilipokatwa. Hatuna budi kukumbuka pia kwamba katika soko la watumwa la Unguja, lililofungwa mwaka 1873, walionadiwa na madalali walikuwa binadamu. Neno hilo basi limebeba mengi kabla ya kufika kwenye mlango wa chumba cha kupanga.

Leo matumizi yake yamegawanyika. Nchini Tanzania dalali wa nyumba ni yule amtafutiaye mtu nyumba au kiwanja, na dalali wa mahakama ni mwingine kabisa, naye hutekeleza hukumu. Nchini Kenya dalali aghalabu ni mwenye kupiga mnada, hasa mali iliyokamatwa kwa deni. Mwenye kuuza na kupangisha nyumba huitwa wakala au ajenti. Kwa sababu hiyo, mfasiri aandikaye kwa ajili ya nchi zote mbili hufanya vyema akitumia wakala wa nyumba na ardhi, na kuliachia neno dalali mazungumzo ya kila siku.

Ugumu mkubwa zaidi huanza pale wakala anapokosa. Magazeti na ofisi zetu zimezoea kusema kwamba “amenyang’anywa leseni”. Je, leseni hiyo ilikuwapo? Tutazame sheria tatu.

Ya kwanza ni ya jimbo la California, Marekani. Mwaka 1917 jimbo hilo lilitunga sheria ya kumtaka kila wakala awe na leseni. Mahakama iliitangua, nayo ikatungwa upya mwaka 1919. Hapo leseni ni ruhusa itolewayo na serikali kabla ya kazi kuanza. Kwa hiyo yaweza kusimamishwa kwa muda, au kufutwa.

Ya pili ni ya Uingereza, ya mwaka 1979. Sheria hiyo haikumtaka wakala awe na leseni: aliweza kufungua ofisi bila kuomba ruhusa. Lakini ilimwekea wajibu. Fedha za mteja ziwekwe katika akaunti ya peke yake, zikiwa amana. Na wakala mwenye maslahi yake binafsi katika nyumba ayatangaze kabla ya mapatano. Aliyevunja wajibu aliweza kupewa amri ya onyo, na aliyeonekana hafai akapewa amri ya katazo. Mfasiri akiandika kwamba mtu huyo “amefutiwa leseni”, amembunia kitu ambacho hakuwa nacho.

Ya tatu ni ya Kenya, ya mwaka 1984. Sheria hii iliunda Bodi ya Usajili wa Mawakala, na kumkataza asiyesajiliwa kufanya kazi hiyo. Msingi wake ni rejista. Basi adhabu kubwa ya kitaaluma ni kuondolewa jina katika rejista hiyo.

Tanzania ilipita njia nyingine. Mwaka 1971 sheria ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi, nayo yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Tazama neno lilivyogeuka: huku kilichosajiliwa ni jengo, na kule Kenya aliyesajiliwa ni mtu. Mwalimu afundishaye neno msajili bila kulitaja jambo hili humwacha mwanafunzi nusu ya njia.

Kutokana na historia hiyo, twapendekeza tofauti zifuatazo zishikwe. Kusimamisha leseni ni kuizuia kwa muda, na mwenyewe aweza kurudi kazini. Kufuta leseni ni kuiondoa kabisa. Kufuta jina ni kuliondoa katika rejista, nako hakuhitaji leseni. Karipio ni lawama rasmi imwachayo mtu kazini. Kadhalika kosa la kitaaluma lisichanganywe na kosa la jinai: la kwanza huamuliwa na bodi kwa kanuni za kazi, la pili huamuliwa na mahakama. Tendo moja laweza kuwa yote mawili. Wakala aliyetia amana ya mteja mfukoni aweza kufutwa jina na pia kufungwa. Lakini aliyeichanganya na fedha zake bila kuiba bado amevunja kanuni, na haifai kumwita mwizi.

Wako watakaosema kwamba huku ni kupasua nywele. Tumfikirie mjane aliyeweka akiba yake yote kwa wakala ili anunue kiwanja. Amesoma tangazo kwamba wakala huyo “amesimamishwa”, akangoja arejee, kumbe jina lake limekwisha futwa na hatarejea. Muda wa kudai haki yake unapita, naye angali akingoja. Kosa la kwanza lilikuwa la wakala. La pili lilikuwa la neno, na hilo ni juu yetu sisi tunaoandika.