Mama alihitaji ruhusa

Vijana wenzetu, mama zetu wengi waliolewa Kongo chini ya Sheria ya Familia ya 1987. Kifungu cha 444 kilisema mume ndiye mkuu wa nyumba na mke amtii. Cha 448 kilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kusaini mkataba wa kazi. Hadi 2016! Wengi wetu tulikuwa tumeshazaliwa.

Hapa Rugerero tuliwauliza mama zetu walipendaje. Wakacheka, wakaanza kutuhesabia mbuzi na ng'ombe wa mali. Mmoja tu akasema: “Niliulizwa kama nakubali. Kama nampenda, hakuna aliyeuliza.” Kisha akarudi kuchambua maharage.

Kwa wenyeji wetu Wanyarwanda, sheria ya 1999 ilimpa binti haki ya kurithi sawa na kaka yake. Tunaona maana yake: msichana mwenye pa kurudi anaweza kukataa, au kukubali kwa sababu anataka mwenyewe. Sisi wakimbizi hatuna shamba la kurithi, ndiyo maana posa zinakimbizwa hivi.

Mama yule ana binti wa miaka 21. Juzi alimuuliza: “Unampenda?” Binti akaomba muda. Watu wa mali bado wanangoja.