Kinu cha Maji cha Preston: Jengo, Kazi na Istilahi

Mfasiri akutanapo na habari za kinu cha maji cha Uskoti ya zamani, huenda akadhani kazi yake ni nyepesi: neno "kinu" analo, na neno "maji" analo. Lakini haitoshi istilahi kutaja kitu tu. Sharti imwonyeshe msomaji kazi ya kitu hicho na nafasi yake katika maisha ya watu. Mfano mzuri ni kinu cha Preston, karibu na kijiji cha East Linton, mashariki ya Edinburgh.

Kinu hicho cha mawe, chenye paa la vigae vyekundu, kipo kando ya mto Tyne wa Uskoti. Majengo yaliyopo ni ya karne ya 18, ingawa mahali hapo palikuwa na kinu tangu karne ya 16. Maji yalichepushwa mtoni kwa mfereji yakasukuma gurudumu kubwa la nje. Mhimili wake ukapeleka nguvu ndani kwenye magurudumu ya meno, nayo yakazungusha jiwe la juu la kusagia. Jiwe la chini lilitulia.

Ubavuni mwa kinu limesimama jengo la mviringo lenye paa la umbo la pia. Mgeni aweza kulidhania mnara, kumbe ni tanuri la kukaushia nafaka. Katika nchi ile ya mvua na baridi, oti ilikaushwa kwa moto kabla ya kutolewa maganda na kusagwa. Aghalabu oti nayo huitwa "shayiri" katika Kiswahili. Lakini Waskoti walilima nafaka zote mbili, hivyo yafaa kila moja ipewe jina lake.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika sheria. Kwetu kinu ni kwanza chombo cha kutwangia, mali ya nyumba; hapana anayelipa ushuru kwa kukitumia. Katika Uskoti ya kale, wakulima wa eneo fulani walilazimika kusaga katika kinu maalumu, wakatoa sehemu ya nafaka yao, na mara nyingi wakashiriki kukitengeneza na kukokota mawe mapya. Sheria ya mwaka 1799 iliruhusu wajibu huo ubadilishwe kuwa malipo ya kila mwaka. Mabaki yake yalifutwa mwaka 2004. Mfasiri akiandika tu kwamba "walipeleka nafaka kinuni", ameificha shuruti yote. Twapendekeza "usagaji wa lazima" kwa wajibu huo, na "ushuru wa kinu" kwa sehemu iliyotolewa.

Kinu cha Preston kilikabidhiwa shirika la National Trust for Scotland mwaka 1950, kikaendelea kusaga kwa biashara hadi 1959. Mawe yake yamehifadhiwa. Kumbukumbu ya waliobeba magunia kwa kulazimishwa huhifadhiwa kwa maneno, na maneno hayo ni amana mikononi mwa mfasiri.