Ngoma na Vyama vya Mji: Habari za Beni na Lelemama katika Kisiwa cha Mombasa



Ni desturi njema ya vyama kama chetu kwamba, pamoja na hesabu za fedha na maelezo ya kazi za mwaka, hutolewa pia maneno machache ya historia, ili vijana wajue walikotoka na wazee wapate kukumbuka. Safari hii tumechagua habari za ngoma. Huenda wako watakaostaajabu na kuuliza, ngoma na ustawi wa jamii vyahusiana nini? Nasi twajibu kwamba vyahusiana sana. Karibu kila mwaka huulizwa katika mikutano kama chama cha ustawi chafaa kutumia nguvu na fedha zake katika sherehe na ngoma, au kiwaachie hayo wenye nafasi. Mji huu ulikwisha kulikabili swali hilo muda mrefu kabla yetu, na mambo yaliyoupata yafaa kuzingatiwa.

Tangu zamani Mombasa ni mji wa kushindana kwa maneno na kwa ngoma. Wenyeji wake walijihesabu kuwa Taifa Kumi na Mbili, nao waligawanyika pande mbili: Thalatha Taifa, ndio Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, na Tisa Taifa, ambao miongoni mwao ni Wamvita, Wajomvu, Wakilifi na Wamtwapa, pamoja na waliotoka pwani ya kaskazini kama Wapate na Wafaza. Pande hizo zilioana na kuuziana, lakini zilipopatana na zilipotengana ziliambiana kwa mashairi. Muyaka bin Haji, malenga mashuhuri wa Mvita aliyefariki mnamo 1840, aliishi katika siku za utawala wa Mazrui, uliovunjwa na Sayyid Said 1837. Tungo zake zatuonyesha mji ambamo shairi lilikuwa silaha, na aliyetupiwa fumbo alilazimika kulifumbua na kurudisha jibu.

Ngoma za wakati huo zilikuwa na adabu na mipaka yake. Goma lilikuwa la wanaume: walisimama safu moja, kanzu nyeupe na kofia, kila mmoja na bakora yake mkononi, wakiinama na kuinuka polepole kwa pamoja. Kirumbizi kilikuwa mchezo wa fimbo, watu wawili wakipigana kwa ustadi bila ya chuki, huku zumari ikilia. Gungu lilichezwa katika karamu za wakubwa, na humo washairi walitegana mafumbo. Wanawake walikuwa na vugo, wakipita mitaani katika siku za harusi na kugonga pembe za nyati kwa vijiti. Lakini tusifiche jambo hili: vugo lilihesabiwa kuwa fahari ya waungwana, na aliyekuwa mtumwa hakuwa na haki ya kulifanya kwa harusi yake mwenyewe. Ngoma iliwakusanya watu, na ngoma hiyohiyo ilimwonyesha kila mmoja mahali pake.

Mambo yakageuka katika miaka ya 1890. Mwaka 1895 Waingereza walitangaza himaya yao, na 1896 ikaanza kazi ya reli kutoka kisiwani kwenda bara. Wageni wakaingia kwa wingi: wafanya kazi kutoka Bara Hindi, wapagazi, askari, mabaharia, na watu wa bara waliotafuta ujira. Mwaka 1907 utumwa ukaondolewa kwa sheria katika ukanda wa pwani ya Kenya. Basi mji ukajaa watu walioulizana, nani sasa ni mkubwa wa nani?

Katika hali hiyo ndipo ilipozuka beni. Jina lenyewe latokana na bendi. Vijana wa Lamu na Mombasa walikuwa wamesikia bendi za manowari, za askari na za misheni, wakazichukua tarumbeta na ngoma kubwa, wakajipanga kama kikosi na kupita barabarani kwa miguu sawasawa. Wengine waliona ni kuiga wageni tu. Sisi twaona kwamba ndani ya nguo mpya mlikuwa na desturi ya zamani. Mashindano ya pande mbili yaliendelea, mashairi ya kupigana vijembe yaliendelea, na karamu za kuwashinda wapinzani zikaendelea. Katika Mombasa yalivuma majina kama Kingi na Skochi, kundi moja likijipa heshima ya mfalme, na jingine jina la askari wa Uskoti. Kila kundi lilikuwa na mfalme wake, majemadari wake na maofisa wa vyeo mbalimbali, na cheo hakikupatikana bure: mwenye kukitaka alitoa mali na kuwakirimu wenzake.

Lakini aliyetazama gwaride tu hakuiona beni yote. Nyuma ya tarumbeta kulikuwa na chama. Wanachama walitoa mchango. Walikuwa na viongozi waliotiiwa. Mwenzao akiugua alitazamwa, na akifa, hasa aliyekuwa mgeni asiye na jamaa mjini, alipata watu wa kumzika. Hatusemi kwamba mji haukujua kusaidiana kabla ya hapo, maana misikiti, koo na mitaa ilikuwa na taratibu zake. Jambo jipya lilikuwa kwamba mtu aliingia katika chama kwa hiari yake na kwa mchango wake, wala hakuulizwa nasaba yake tu. Aliyekuwa bawabu mchana aliweza kuwa jemadari jioni.

Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918 viliieneza beni mbali kuliko ilivyodhaniwa. Askari na wapagazi wa pande zote mbili waliicheza makambini. Katika Tanganyika vyama vya Marini na Arinoti vilienea kutoka mji hadi mji, hata mwanachama aliyesafiri aliweza kuwakuta wenzake ugenini wakampokea. Kutoka huko beni ilifika Nyasaland, Rodeshia ya Kaskazini na Kongo. Serikali za kikoloni zikaingiwa na shaka, zikidhani kwamba watu wanaojua kupanga gwaride wataweza kupanga uasi. Baada ya mgomo na ghasia za 1935 katika migodi ya shaba ya Rodeshia ya Kaskazini, tume ya uchunguzi ilivihoji hata vyama vya ngoma hiyo. Watoto wa beni wapo hata leo: malipenga katika Malawi na mganda kusini ya Tanzania.

Sasa na tuje kwa mama zetu, kwani bila wao habari hii ni nusu. Lelemama ilikuwa ngoma ya wanawake. Walisimama safu moja, wamevaa sare, wakisogeza mikono na vichwa kwa utaratibu na upole, huku nyimbo zikiimbwa kwa ngoma na pembe. Vyama vya lelemama navyo vilikuwa na vyeo, na vyeo hivyo vilipatikana kwa kulisha wenzao. Nyimbo zao ziliogopwa. Mtu aliyevunja heshima ya mtaa, hata akiwa mkubwa, alijua kwamba jambo lake laweza kuimbwa mbele ya watu kwa fumbo lisilotaja jina lakini likaeleweka na wote. Katika siku zilizokuwa mwanamke wa Mji wa Kale hana baraza wala mahakama ya kuketi, huo ulikuwa uwezo mkubwa.

Zaidi ya hayo, lelemama ilifungua mlango ambao vugo liliufunga. Ndani ya chama kimoja walikutana wanawake waliozaliwa waungwana na wajukuu wa waliokuwa watumwa, wenye asili ya Kiarabu, ya Kiswahili na ya bara. Hatusemi kwamba tofauti zao zilifutika. Lakini walivaa nguo moja, walisimama safu moja, na walikwenda pamoja harusini na matangani. Mafundisho ya namna hiyo si ya Mombasa peke yake. Katika majimbo ya kaskazini-mashariki ya Marekani, watu wa vijiji walizoea ngoma iitwayo kontra, yenye asili katika ngoma za Uingereza ya karne ya 17. Wachezaji husimama safu mbili zinazotazamana, na kila jozi husogea hatua kwa hatua hata ikawa imecheza na jozi nyingine zote za safu. Mchezo huo bado wachezwa huko. Inaonekana kwamba kila mahali wanadamu wamegundua jambo moja: walioshikana mikono chezoni hawaoni taabu kushikana mikono kazini.

Baada ya kusifu, ni haki kutaja madhara. Mashindano yalikula mali. Ng'ombe walichinjwa kwa kushindana, nguo mpya zilishonwa kwa kila tamasha, na wako waliojitia katika madeni ili jina la chama chao lisishuke. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, mwanachuoni wa Mombasa aliyetoa gazeti la *Sahifa* mwaka 1930 na *al-Islah* mwaka 1932, na aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hata kufariki kwake 1947, aliwahimiza watu wake waache israfu, washike elimu na wajenge shule. Aliiona mali ya Waislamu wa pwani ikitoka mikononi mwao, na ardhi na biashara zikienda kwa wengine. Waliompinga walisema kwamba anawanyima watu furaha. Lakini baba mwenye watoto wasiosoma alilazimika kujiuliza kama ng'ombe wa karamu hawangeweza kuwa karo.

Jambo la kupendeza ni kwamba jibu la swali hilo lilitoka katika vyama vya ngoma vyenyewe. Miongoni mwa vyama vya lelemama vilivyoshindana kwa nguvu kabla ya uhuru vilikuwa Ibinaal Watan na Banu Saada. Wanawake waliolelewa katika mashindano hayo ndio waliotoa msingi wa vyama vipya viwili vya maendeleo ya wanawake wa Kiislamu wa Mombasa, ambavyo viligeukia masomo na misaada. Hata kushindana kwao hawakukuacha, ila sasa walishindana kwa kukusanya fedha za elimu na za wenye shida badala ya kuchinja. Katika miaka hiyohiyo wanawake wa Kiarabu wa pwani, walionyimwa kura katika uchaguzi, waliiandikia serikali mwaka 1958 wakidai haki hiyo. Watu hawapati ujasiri wa namna hiyo kwa siku moja. Aliyekwisha kuongoza safu ya wanawake mia, akapokea mchango wao na kuutolea hesabu, hapati taabu kukusanya majina katika waraka.

Lelemama na beni zilififia mjini baada ya hapo. Ladha ya muziki ilihamia katika taarab, ambayo Siti binti Saad wa Unguja alikuwa ameitia katika sahani za santuri huko Bombay mwaka 1928. Mombasa nayo ikatoa mafundi wake, kama Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefariki 2016, na Juma Bhalo aliyefariki 2014. Chakacha, ngoma ya wanawake ya harusini, ilichukuliwa na bendi ya Mombasa Roots hata ikasikika katika mahoteli ya pwani. Hatuyalaumu mabadiliko hayo. Hata hivyo ipo tofauti kubwa kati ya kumsikiliza fundi kwa kiingilio na kusimama safuni pamoja na jirani. Katika ya kwanza mtu ni mtazamaji. Katika ya pili ni mwanachama. Mji wa Kale ulihifadhiwa kwa sheria mwaka 1990, na Ngome ya Yesu iliandikwa katika urithi wa dunia mwaka 2011. Mawe yamepata walinzi. Mikusanyiko iliyoyapa mawe hayo uhai yangali yahitaji walinzi wake, na walinzi hao hawawezi kuwa wengine ila sisi wenyewe.

Basi twatoa mashauri matatu kwa wanachama. La kwanza, chama kisione haya kuwa na ngoma. Mcheza kwao hutunzwa, na kijana asiyefika mkutanoni kusikiliza hesabu huenda akafika uwanjani kucheza, kisha akabaki kusikiliza. La pili, fedha za sherehe zikusanywe mbali, kwa kiasi kilichokubaliwa kabla, wala zisiguse hata senti moja ya mfuko wa mazishi na wa karo. Maana mfiwa hawezi kungoja mpaka tamasha lilipiwe. La tatu, safu iwe wazi: mgeni wa mtaani, mwanamke na mzee wapewe nafasi na sauti, kwani nguvu ya vyama vya zamani ilitokana na wale ambao mji haukuwahesabu.

Wazee walio nasi ambao walishuhudia ngoma hizo, au waliosimuliwa na mama na bibi zao, twawaomba kwa heshima wakubali kuketi na vijana wetu, wawafundishe hatua na nyimbo maadamu wangalipo. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Yahitaji jioni chache, mkeka, na mtu wa kuandika.