Uko, Upo au Umo? Historia Fupi ya Mashine Zinazokosea Mahali Tulipo



Katika kuzungumzia mahali, Kiswahili hakiridhiki na neno moja. Tukisema "kitabu kipo mezani", tunaonyesha mahali mahususi, panapoweza kuguswa kwa kidole. Tukisema "kitabu kiko Gitega", tunataja eneo kwa ujumla, bila kuonyesha nyumba wala chumba. Na tukisema "kitabu kimo mkobani", tunaingia ndani kabisa. Wanafunzi wengi huiona tofauti ya -po, -ko na -mo kuwa mtego wa mtihani. Makala haya yanakusudia kukuonyesha kwamba ni tofauti nzito, na kwamba kuipuuza kumewahi kuwapeleka polisi mlangoni kwa watu wasio na hatia.

Tuanze na jambo unalolijua. Familia moja ya Magarama, mjini Gitega, inanunua intaneti ya nyumbani isiyotumia waya: ruta inayowekwa laini ya simu, au dishi dogo linaloelekezwa kwenye setilaiti. Kompyuta inawashwa. Hali ya hewa inayoonyeshwa ni ya Bujumbura, bei za bidhaa zimeandikwa kwa shilingi za nchi jirani, na video fulani inakataa kufunguka kwa madai kwamba haipatikani katika nchi "uliyomo". Ikiwa kompyuta imeachiwa ijipangie saa kwa kufuata mahali, nayo ikadhani iko Nairobi, itatangulia kwa saa moja nzima, maana Kenya na Tanzania ziko saa moja mbele ya Burundi. Je, nani aliiambia mashine habari hizo?

Anwani isiyo na mtaa

Jibu la kwanza limo katika historia ya anwani za intaneti. Mfumo wa anwani ambao bado unatumika sana, yaani toleo la nne, uliandikwa rasmi mwaka 1981, na tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa ARPANET wa Marekani ukahamia kwenye mfumo huo. Kila anwani ni namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, kila moja ikianzia 0 hadi 255. Jumla yake ni 4,294,967,296. Zitazame namba hizo upendavyo: hutaona ndani yake mlima, mtaa wala nchi. Waliozibuni walitaka mashine moja iifikie nyingine. Hawakukusudia kumwambia yeyote mwenye mashine anakaa wapi.

Kinachojulikana ni daftari la usajili tu: shirika gani lilipewa fungu gani la namba. Hata daftari hilo halikuanza kuandikiwa barani kwetu. Mitandao ya Afrika ilikuwa ikiomba anwani zake kwa wasajili wa Ulaya, wa Amerika na wa Asia na Pasifiki, mpaka AFRINIC, msajili wa Afrika mwenye makao yake Mauritius, alipotambuliwa rasmi mwaka 2005. Haikuchukua muda mrefu akiba ikakauka: tarehe 3 Februari 2011 mafungu ya mwisho ya anwani hizo yaligawiwa kwa wasajili watano wa dunia. Tangu hapo kampuni nyingi za simu zimelazimika kuwavika wateja wengi anwani moja.

Juu ya daftari hilo likazuka soko. Kampuni kama MaxMind ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2002, hukusanya dalili mbalimbali na kukisia kila anwani iko nchi gani na mji gani, kisha huwauzia makisio hayo wenye tovuti, mabenki na watangazaji. Makisio ya nchi mara nyingi huwa sahihi. Makisio ya mji huyumba zaidi. Makisio ya nyumba si elimu, ni ramli.

Intaneti isiyo na waya huzidisha kuyumba huko. Waya uliochimbiwa ardhini una nyumba moja unakoishia. Ruta ya laini ya simu, kinyume chake, huazimwa anwani kutoka fungu la pamoja: asubuhi inaweza kuwa nayo mtu wa Gitega, jioni mtu wa Ngozi, na data za wote wawili zikatokea kwenye lango moja lililo mji mwingine. Setilaiti huenda mbali zaidi, kwa kuwa data zake hushuka kwenye kituo cha ardhini ambacho pengine kimo katika nchi nyingine. Dunia huona lango ulilotokea, haioni nyumba uliyokaa.

Ruta iliyohama bila kuaga

Kuna njia ya pili ya kukisia. Simu yako husikia majina ya ruta za Wi-Fi zilizo jirani, kisha huyalinganisha na orodha kubwa inayosema ruta fulani ilionekana mahali fulani. Orodha za namna hii zilikusanywa kwanza kwa magari yaliyopita mitaani, na baadaye kwa simu za watu wenyewe. Mwezi Mei 2010 kampuni ya Google ilikiri kwamba magari yake ya kupiga picha za mitaa hayakuchukua majina ya ruta tu, bali pia vipande vya mawasiliano ya watu kutoka mitandao isiyofungwa kwa nywila. Uchunguzi ukafanyika katika nchi kadhaa.

Orodha hiyo hudhani kwamba ruta, kama mwembe, haihami. Familia ikitoka Bujumbura na ruta yake na kuja kuishi Magarama, orodha inaweza kuendelea kwa siku nyingi kusema kwamba wenye nyumba bado wako kando ya Ziwa Tanganyika.

Shamba la Kansas na nyumba ya Pretoria

Sasa tufike kwenye gharama ya kosa hili. Mwaka 2016 mwandishi wa habari Kashmir Hill alieleza mkasa wa shamba moja lililo karibu na mji mdogo wa Potwin, jimboni Kansas, Marekani. Kwa miaka mingi watu waliokaa hapo walitembelewa na polisi, maofisa wa serikali na raia wenye hasira, wakituhumiwa wizi, ulaghai na mengine ambayo hawakuyajua. Sababu ilikuwa hii: kila MaxMind walipojua tu kwamba anwani fulani iko Marekani, bila kujua jimbo wala mji, mfumo wao ulitoa nukta moja iliyo karibu na katikati ya nchi, kwenye nyuzi 38 kaskazini na 97 magharibi. Nukta hiyo iliangukia shamba lile. Anwani zaidi ya milioni 600 zilirundikwa hapo. Baadaye kampuni iliihamishia nukta hiyo katikati ya ziwa, mahali ambapo hakuna mlango wa kubisha.

Mwaka 2019 mwandishi huyohuyo alieleza kisa kinachofanana nacho barani kwetu. Huko Pretoria, Afrika Kusini, nyumba moja ilikuwa ikiandamwa na polisi na watu waliotafuta simu zao zilizoibwa. Idara moja ya ramani ya serikali ya Marekani ilikuwa imechagua nukta ya kuwakilisha mji mzima wa Pretoria, na nukta hiyo ilikuwa katika ua wa nyumba hiyo. Wauzaji wa makisio waliichukua kama ilivyo.

Hebu yapime makosa hayo mawili kwa sarufi yetu. Mashine ilijua -ko: "mtu huyu yuko Marekani", "simu hii iko Pretoria". Lakini ramani haina alama ya kuchora -ko. Ina nukta tu. Basi ikaandika -po. Naye aliyeisoma akaenda kugonga mlango kwa uhakika wa -mo.

Kwetu, ramani isiyotulia

Burundi nayo ina somo lake. Wajerumani walihamishia makao ya utawala wao Gitega mwaka 1912, nao waliandika "Kitega". Chini ya Wabelgiji, Usumbura ukawa makao makuu ya Ruanda-Urundi; uhuru ulipopatikana tarehe 1 Julai 1962, mji huohuo ukaingia katika ramani za dunia kama Bujumbura, mji mkuu wa Burundi. Desemba 2018 Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kwamba Gitega utakuwa mji mkuu wa kisiasa, na sheria ikafuata Januari 2019. Kisha sheria ya mwaka 2023 ikaipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5, na tarafa, ambazo wengi wetu huziita komine, kutoka 119 hadi 42. Muyinga ya zamani leo imo katika mkoa wa Buhumuza.

Na jina Magarama lenyewe? Lipo Gitega, na lipo Muyinga. Mashine iliyofundishwa jina bila mlima wake haiwezi kuchagua kwa haki kati ya hayo mawili. Itachagua tu.

Wajibu wa raia

Ndugu msomaji, siku moja mtu atakuonyesha simu na kusema: "Programu inaonyesha kwamba matusi haya yametumwa kutoka nyumba ile." Kumbuka Kansas. Anwani ya intaneti si alama ya unyayo. Mwenye kumbukumbu ya mteja gani aliyetumia anwani fulani, siku fulani na saa fulani, ni kampuni inayotoa huduma, na kumbukumbu hiyo hutafutwa na wenye mamlaka kwa kufuata sheria. Haitafutwi na umati wenye ghadhabu, wala na jirani mwenye kinyongo.

Tena raia ana haki ya kusahihishwa. Mwaka 2020 ulichapishwa waraka wa kimataifa, RFC 8805, unaoeleza jinsi kampuni za intaneti zinavyoweza kutangaza orodha ya anwani zao na mahali zinapotumika kweli. Ukiona unawekwa nchi isiyo yako, mwandikie mtoa huduma wako, utaje tarehe, saa na anwani uliyopewa, umwombe asahihishe. Kuuliza si ujinga.

Mashine itaendelea kukisia, na mara nyingi itapatia. Sisi tuliopewa lugha yenye viambishi vitatu vya mahali tusikubali kusomewa -ko kana kwamba ni -mo.

Maswali ya kujadili

1. Tunga sentensi tatu kuhusu ruta ya nyumbani, ukitumia ipo, iko na imo.
2. Kwa nini kuihamishia nukta ya Kansas ziwani kuliwaondolea watu madhara lakini hakukuifanya ramani iwe sahihi?
3. Jirani yako ameibiwa simu, na programu inaonyesha nyumba fulani mtaani. Utamshauri afanye nini kwanza?