Kumngoja Daktari Pumwani

Kusubiri kwa saa nyingi kabla ya kumwona daktari huelezwa mara kwa mara kuwa ni zao la uzembe wa wahudumu au la wingi wa wagonjwa, na maelezo hayo yote mawili yana ukweli kiasi. Hata hivyo, historia ya Pumwani, mtaa wa mashariki mwa Nairobi wenye hospitali ya uzazi inayotajwa kuwa kubwa kuliko zote za umma nchini Kenya, inaonyesha kwamba foleni ya hapo haikuzuka yenyewe, bali ilijengwa kwa maamuzi yaliyofuatana kwa takriban miaka 100, kila uamuzi ukiacha sababu yake ya kungoja juu ya sababu zilizotangulia. Ukisomwa mfululizo huo, hubainika kwamba mgonjwa maskini amekuwa akilipia matibabu kwa fedha au kwa saa zake, na kwamba serikali zilizopunguza malipo ya kwanza hazikuwa na hesabu ya malipo ya pili.

Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 ikiwa makao rasmi ya Waafrika, katika jiji ambalo wakoloni walilipanga kwa msingi wa rangi na ambalo lilimhesabu Mwafrika kuwa kibarua wa kupita tu. Wakazi wa vijiji vya awali vilivyobomolewa, kikiwemo Pangani kilichoondolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, walihamishiwa huko na katika mitaa jirani kama Shauri Moyo, na eneo la Majengo, ndani ya Pumwani, likawa kitovu cha maisha ya Kiislamu na ya Kiswahili jijini, likiwa na wanawake wengi waliomiliki nyumba zao wenyewe. Huduma za afya zilifuata mgawanyo uleule wa rangi: Wazungu walikuwa na hospitali yao, Wahindi wakawa na zao, na Waafrika walielekezwa katika hospitali ya wenyeji iliyoanzishwa mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40, ambayo mwaka 1952 ilipewa jina la Mfalme George VI na baada ya uhuru ikawa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Kwa hiyo, foleni ya kwanza jijini ilikuwa ya mgawanyo wa rasilimali kabla ya kuwa ya mpangilio wa saa, kwa maana jamii iliyokuwa kubwa kuliko zote ndiyo iliyopewa milango michache zaidi.

Hospitali ya Uzazi ya Pumwani huhesabu mwanzo wake kuwa mwaka 1926, wakati wa utawala wa Gavana Edward Grigg (1925–1930), ambaye mkewe, Lady Grigg, aliongoza juhudi za kuanzisha huduma za uzazi na za watoto wachanga, na nyumba ya uzazi ya Pumwani ikabeba jina lake. Mwaka 1944 ilikuwa mikononi mwa Baraza la Manispaa ya Nairobi na ikaanza kuitwa kwa jina la mtaa. Ilikuwa taasisi ya mji mdogo, kwani hata sensa ya 1948, iliyofanywa miaka minne baadaye, ilihesabu watu 118,976 tu katika Nairobi nzima.

Pamoja na majengo, ulikuja pia utaratibu. Mwaka 1929 Wizara ya Afya ya Uingereza ilitoa waraka ulioweka ratiba ya kumpima mjamzito, ikianza wiki ya 16, kisha wiki ya 24 na ya 28, halafu kila baada ya wiki mbili hadi wiki ya 36, na baada ya hapo kila wiki hadi kujifungua. Ratiba hiyo, iliyofikia ziara zaidi ya kumi kwa mimba moja, ilienea katika makoloni na ikadumu kwa miongo mingi bila kujaribiwa kikamilifu kama wingi wa ziara ulikuwa na faida. Ndiyo iliyozaa kile ambacho kila mama wa Eastlands, yaani mitaa ya mashariki mwa Nairobi, hukijua kwa jina la kliniki, yaani siku maalumu ya kupimwa uzito, shinikizo la damu, mkojo na hali ya mtoto tumboni. Kwa jinsi kliniki ilivyopangwa, mwanamke mmoja hangojei foleni moja, maana anapanga mstari kwa ajili ya kadi, kisha kwa mizani, kwa maabara, kwa mkunga, na mwishowe, ikiwa kuna jambo la kutilia shaka, kwa daktari. Inafaa kuongezwa kwamba katika zahanati nyingi za jiji yule anayeitwa daktari na wagonjwa huwa ni tabibu, mhudumu aliyesomea stashahada ya utabibu, na bila yeye foleni za Kenya zingekuwa ndefu maradufu.

Swali la kwa nini wagonjwa hungoja lilipata jibu la kitaalamu mapema kuliko inavyodhaniwa. Nadharia ya foleni, tawi la hisabati linalochunguza uhusiano kati ya kasi ya wanaofika na kasi ya wanaohudumiwa, ilianza mwaka 1909 kwa kazi ya Agner Krarup Erlang, mhandisi wa kampuni ya simu mjini Copenhagen, na mwaka 1952 Waingereza wawili, Norman Bailey na J. D. Welch, waliitumia kuchunguza kliniki za wagonjwa wasiolazwa. Walionyesha kwamba sehemu kubwa ya kungoja ilitokana na desturi mbili: madaktari kuchelewa kuanza, na wagonjwa wengi kuitwa saa ileile ili daktari asikae bure hata dakika moja. Tiba waliyoipendekeza ilikuwa rahisi, nayo ni kuwaita wagonjwa wawili mwanzoni na wengine mmoja mmoja kwa kadiri ya muda wa wastani wa kumwona kila mgonjwa. Sharti lake, hata hivyo, lilikuwa zito, kwa sababu lilidai hospitali ikubali kwamba saa za mgonjwa nazo zina thamani. Utaratibu wa kuwaita wote alfajiri umeendelea katika hospitali za umma za Kenya, wala hauhitaji kuelezwa kwa ujinga wa hisabati. Sababu ni kwamba mfanyakazi wa nyumbani wa mtaa wa Eastleigh au mchuuzi wa soko la Gikomba hakuwa na njia ya kumdai mtu fidia ya asubuhi aliyoipoteza.

Uhuru ulibadilisha bei kwa haraka kuliko ulivyobadilisha idadi ya milango. Mwaka 1965 serikali ya Jomo Kenyatta iliondoa ada ya shilingi tano kwa wagonjwa wasiolazwa katika vituo vya serikali. Mwaka 1966 ikaundwa Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali (NHIF), ambayo mwanzoni ililenga waajiriwa wenye mishahara ya shilingi 1,000 na zaidi kwa mwezi na hivyo kuwaacha nje wakazi wengi wa Majengo. Serikali kuu ilipochukua huduma za afya za mabaraza ya wilaya mwaka 1970, Nairobi ilikuwa miongoni mwa manispaa zilizobaki na zake, na kwa sababu hiyo Pumwani iliendelea kutegemea mkoba wa Baraza la Jiji, mkoba ambao baadaye uliingia katika misukosuko hadi Baraza lenyewe likavunjwa mwaka 1983 na jiji likaendeshwa na tume kwa karibu muongo mmoja. Wakati huohuo watu walizidi kumiminika: sensa ilihesabu wakazi 509,286 mwaka 1969, 827,775 mwaka 1979 na 1,324,570 mwaka 1989. Hospitali iliyoanza kama nyumba ya uzazi ya mtaa mmoja ikawa hospitali ya rufaa, yaani ile inayopokea waliozidi uwezo wa vituo vidogo, huku ikiendelea kupokea pia wale ambao vituo hivyo vingeweza kuwahudumia lau vingekuwa na wakunga usiku. Msongamano wa aina hii hauponywi kwa kupanua hospitali kubwa pekee, na pengine upanuzi wa hospitali kubwa bila zahanati ndio ulioufanya msongamano uonekane wa kawaida.

Mwezi Desemba 1989, chini ya shinikizo la wafadhili na masharti ya kurekebisha uchumi, serikali ilianzisha mfumo wa kuchangia gharama, ambao ulimtaka mgonjwa kulipa ada kidogo kabla ya kuhudumiwa. Kilichotokea Nairobi kilipimwa vizuri kuliko kawaida. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 kuhusu kliniki kuu ya magonjwa ya zinaa jijini ulionyesha kwamba, katika miezi ya ada, wanaume waliohudhuria walishuka hadi asilimia 40 ya idadi ya awali na wanawake hadi asilimia 65. Ada hiyo ilisitishwa mwaka 1990, kisha ikarudishwa kwa awamu kuanzia 1992. Matokeo hayo yanastahili kutafakariwa na kila anayepima ubora wa hospitali kwa ufupi wa mstari wake, kwa sababu benchi lilipungua watu bila ya ugonjwa kupungua. Foleni ilikuwa imehamia majumbani, ambako hakuna anayeihesabu.

Katika kipindi hichohicho, ndani ya mtaa huohuo, kulikuwa na mlango mmoja wa aina nyingine. Tangu mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Manitoba, Kanada, wakiwemo Frank Plummer na Elizabeth Ngugi, waliendesha kliniki ya Majengo iliyowafuatilia kwa miaka mingi wanawake wanaofanya biashara ya ngono, ikiwatibu na kuchunguza jinsi virusi vya Ukimwi vinavyoambukizwa. Wanawake ambao jamii iliwadharau waliitwa kwa ratiba, wakafanyiwa mabaraza na majalada yao yakatunzwa, kwa kuwa sayansi iliwahitaji warudi. Mpangilio mzuri wa miadi, basi, uliwezekana Pumwani pale ambapo mhudumu naye angepata hasara mgonjwa asipotokea.

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walitoa maelezo ya vifo vya uzazi kwa kuvigawa vichelewesho katika hatua tatu: kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kupata huduma inayofaa baada ya kufika. Kijiji cha mbali husumbuliwa zaidi na hatua ya pili, lakini mkazi wa Majengo, anayeweza kufika hospitalini kwa miguu, hukutana na ya tatu. Ripoti iliyotolewa mwaka 2007 na shirika la mawakili wanawake la FIDA Kenya pamoja na Kituo cha Haki za Uzazi cha Marekani ilikusanya ushuhuda wa wanawake waliocheleweshwa, kutukanwa na kuachwa peke yao wakati wa kujifungua, na Pumwani ilitajwa sana humo. Ripoti hiyo ilieleza pia namna nyingine ya kungoja, ile ya kungoja kutoka, ambapo mama aliyekwisha kujifungua alizuiliwa wodini hadi deni lilipwe. Mwezi Septemba 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua, katika kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa hapo, kwamba kitendo hicho kilikiuka Katiba.

Kufikia wakati huo malipo yalikuwa yamebadilika tena. Siku ya Madaraka, Juni 1, 2013, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza huduma za uzazi bila malipo katika vituo vyote vya umma na kuondolewa kwa ada katika zahanati na vituo vya afya, na serikali ikaahidi kufidia shilingi 2,500 kwa kila mama katika vituo vidogo, 5,000 katika hospitali za ngazi ya kati, na 17,500 katika hospitali za kitaifa. Tangazo hilo lilikutana na mwanzo wa ugatuzi, yaani kuhamishwa kwa madaraka na bajeti kutoka serikali kuu hadi kaunti, kwa hiyo kaunti changa ya Nairobi ilikabidhiwa hospitali na umati mpya kwa pamoja. Wanawake waliokuwa wakizalia nyumbani walijitokeza, jambo ambalo ni ushindi usiopaswa kupunguzwa, lakini wauguzi na vyumba vya leba havikuongezeka kwa kasi hiyo. Mwaka 2017 mpango huo ulihamishiwa NHIF kwa jina la Linda Mama.

Halafu ikaja migomo. Madaktari waligoma kwa siku 100, kuanzia Desemba 5, 2016 hadi katikati ya Machi 2017, na wauguzi wakafuata kwa takriban miezi mitano mwaka huohuo. Mwezi Septemba 2018 Gavana wa Nairobi, Mike Sonko, alifika Pumwani bila taarifa, zikapatikana maiti 12 za watoto wachanga zikiwa zimewekwa ndani ya maboksi, na taifa likajadili kwa siku kadhaa hali ya hospitali hiyo. Mwezi Septemba 2020, wakati wa mvutano mwingine kati ya wahudumu na waajiri, ilisambaa video ya mwanamke akijifungua nje ya lango la hospitali hiyohiyo.

Wakati hayo yakiendelea, ratiba ya kliniki nayo ilifumuliwa mara mbili. Shirika la Afya Duniani lilipunguza ziara za mjamzito hadi nne mwaka 2002, likiona kwamba ziara chache zenye vipimo vya maana zingetosha, kisha mwaka 2016 likazipandisha hadi nane baada ya takwimu kuonyesha vifo zaidi vya watoto tumboni pale ziara zilipopungua. Kitabibu, pendekezo hilo lina msingi thabiti. Kwa jiji ambalo sensa ya 2019 ililihesabia watu 4,397,073, maana yake ni asubuhi maradufu za kungoja kwa kila mimba, isipokuwa zahanati za mitaani zipewe wakunga wa kutosha na miadi ipangwe kwa saa badala ya kwa siku.

Oktoba 1, 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya NHIF, na huduma za Linda Mama zikaingizwa katika mpango wa Linda Jamii. Wiki za mwanzo zilijaa malalamiko ya wagonjwa waliokwama kwa sababu majina yao hayakuonekana kwenye mfumo au mtandao ulikuwa umeanguka, na tangu hapo, kwa mama anayefika Pumwani kwa miguu kutoka Majengo, mstari wa kwanza kabisa ni wa kuthibitisha usajili, na ule wa kadi, wa mizani na wa mkunga huanza baada ya huo.