Wasini: kisiwa kilichochorewa mipaka na wageni

Ukitoka Likoni kwa matatu ya Lunga Lunga unapita Ukunda, Msambweni na Ramisi, kisha unashuka njia panda ya Kanana na kupanda bodaboda hadi Shimoni. Safari nzima ni kama kilomita 80. Wakazi wa Changamwe siku hizi hawana lazima ya kungoja feri, kwa kuwa barabara ya Dongo Kundu inawafikisha upande wa kusini moja kwa moja. Kutoka gatini Shimoni, kisiwa kinaonekana ng'ambo ya mkondo mwembamba: Wasini, ardhi ya mawe ya matumbawe na mibuyu, isiyo na magari.

Wenyeji ni Wavumba, Waswahili ambao mji wao wa kale, Vumba Kuu, ulikuwa bara, karibu na mpaka wa leo wa Tanzania. Mtawala wao, Diwani, alipigiwa siwa, baragumu ya heshima ya watawala wa Pwani. Mji huo ulipohamwa, Wasini na Vanga zikashika nafasi yake.

Mwaka 1886, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana jinsi ya kuigawana Afrika Mashariki. Mstari wao ulianzia kwenye mlango wa mto Umba, karibu na Vanga, ukapanda bara hadi Ziwa Victoria. Wasini ikaangukia kwa Waingereza, na jamaa za wakazi wake wa upande wa Tanga wakawa chini ya Wajerumani. Watu waliokuwa wakitweka tanga asubuhi kwenda arusini na kurudi wakajikuta chini ya dola mbili tofauti.

Mwaka 1888 kampuni ya William Mackinnon, Imperial British East Africa Company, ilipata hati ya kifalme, na Shimoni ikawa miongoni mwa vituo vyake vya mwanzo. Haikudumu. Julai 1895 serikali ya Uingereza ilichukua utawala, wakati Mbaruk bin Rashid, Mmazrui wa Gazi, akiwa vitani nayo pwani hiyohiyo. Mwaka uliofuata Mbaruk alivuka mpaka akajisalimisha kwa Wajerumani.

Habari nzito zaidi iko chini ya ardhi. Ukishuka ngazi za pango la Shimoni, joto linakatika ghafla, popo wanaruka juu ya kichwa, na viongozi wa kijiji wanakuonyesha vyuma ukutani wanavyosema walifungiwa watumwa waliosubiri majahazi. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, lakini katika ukanda wa Pwani ya Kenya utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hadi 1907. Watu wa Kisauni wanaijua sura ya pili ya habari hii: Frere Town, makao ya watumwa walioachiliwa, yalianzishwa kwao mwaka 1875.

Baada ya uhuru ukaja mpaka mwingine, safari hii baharini. Katika miaka ya 1970 serikali ilitenga hifadhi ya Kisite, kilomita 28 za mraba ambako kuvua ni marufuku, pamoja na Mpunguti, kilomita 11, ambako uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa. Pomboo, kasa na matumbawe wamenufaika, na kati ya Julai na Septemba nyangumi hupita. Lakini wavuvi wa Wasini walipoteza maji waliyovua babu zao, na mwanzoni faida ya watalii ilikwenda kwa wenye mashua kubwa.

Wanawake wa kijiji hawakukaa kimya. Nyuma ya nyumba kuna bustani ya matumbawe ya kale yaliyoachwa nchi kavu, mawe meusi yaliyochongoka, mengine marefu kupita mtu. Wakajenga njia ya mbao juu yake na kutoza kiingilio. Maji ya bamvua yakijaa, bahari huingia chini ya mbao na kaa hukimbilia mawe. Yakipwa, unaona mikoko na mboga pwani, majani ya chumvichumvi wanayopika na kuuza.

Ndiyo maana nawasihi wenzangu wa Likoni, Kisauni na Changamwe: nendeni Wasini, msiwaachie watalii wa ng'ambo peke yao. Mvuke kwa mashua ya mwenyeji, mlipe kiingilio cha kina mama, mle samaki kijijini, na mkae na wazee wawasimulie wenyewe. Mistari yote iliyowahi kuchorwa hapa iliamuliwa bila kuwauliza. Sisi majirani tunaweza kuanza kwa kuwauliza.